Ngamia wa Aliyewavusha Wenzake

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya majuzi tu, watu wa mijini walishiba maji hata wakaanza kuitafuta kiu. Walipanda magari, wakaipita miji yote yenye mabomba, wakafika ukingoni mwa jangwa la Chalbi, mahali ambapo kiu haijapata kutafutwa na mtu kwa kuwa huja yenyewe bila kuitwa. Wakashuka, wakanyoosha viungo, wakatazama huku na huku, wakasema, "Hapa ni pazuri. Hapa mtu anaweza kuteseka vizuri."

Kampuni moja ya michezo ya jangwani ikatangaza shindano. Kila kikosi kiwe na watu watatu: mwenda kwa miguu, mwenye gurudumu na mwenye mnyama. Waufuate mstari wa vibendera vyekundu, wauvuke uwanda wa chumvi, wafike pamoja au wasihesabiwe. Kila kikosi kilipewa fataki moja ya moshi. Atakayeiwasha atafuatwa na gari, atanyweshwa maji baridi, na kikosi chake kitakuwa kimeshindwa. Zawadi ilikuwa ngamia jike mweupe mwenye mimba, naye, kama lilivyosema bango la kampuni, "atapewa mtu mmoja wa kikosi cha kwanza, yule aliyewavusha wenzake." Maneno hayo yalipendeza sana yalipoandikwa kwa rangi. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Talaso Wario, aliyezoeleka kuitwa Mama Elema, hakulitazama bango. Alimtazama ngamia aliyefungwa kando yake. Ukame uliopita ulikuwa umewamaliza ngamia wake wote, ukamwachia dume mmoja mzee aitwaye Burre, asiye na maziwa wala adabu. Na katika watu wa Talaso, mwanamke asiye na ngamia wa kukamua haondoki na kambi inapohama. Hubaki kituoni, akapanga foleni ya mahindi ya msaada, akasikiliza kengele za mbao za mifugo ya wenzake zikififia. Kambi ya ndugu zake ilikuwa ihame kesho yake asubuhi. Basi alimtazama yule jike mweupe, akaliona tumbo lake, akaziona chuchu zake, akasema, "Niandikeni."

Akaandikwa pamoja na wageni wawili. Wa kwanza ni Mumo Kilonzo, mwanariadha wa Kitui, mwenye miguu mirefu na subira fupi, akafanywa kepteni. Wa pili ni Makokha, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Bungoma, aliyekuwa ameunda gari la magurudumu matatu ya pikipiki, lisilo na injini, lenye mlingoti wa bomba na tanga la turubai la lori.

"Fundi," Talaso alimwuliza, akilizunguka lile gari, "hiki kinakula nini?"

"Kinakula upepo, Mama Elema."

"Na siku ya njaa?"

"Siku hiyo," Makokha akacheka, "nitakuazima Burre."

Bi Resila wa kampuni akapuliza kipenga, vikosi vikaondoka. Jua likawaka, upepo ukavuma, chumvi ikameta.

Walipopumzika mara ya kwanza, Mumo aliutazama mtungi mkubwa wa maji uliokuwa ubavuni mwa Burre, akaona kwamba ngamia anatembea kama mzee anayekwenda msibani. Talaso alikuwa akifunga viatu, Makokha alikuwa akipaka gurudumu grisi. Mumo akaufungua mtungi polepole, akauficha nyuma ya kichuguu cha mchanga, akaweka turubai lililokunjwa mahali pake na kulifunika kwa jingine, ili ubavu uonekane umejaa. Alijiambia kwamba kepteni hupunguza mzigo. Chupa zao ndogo zingetosha. Burre alipoinuka akatembea kwa wepesi, na Mumo akajisifu kimoyomoyo.

Jua likawaka, upepo ukavuma, chumvi ikameta. Upepo uliposhika nguvu, tanga la Makokha likatuna kama shavu la mpiga tarumbeta. Gari likaruka. Vibendera vilikuwa vinaelekea upande mmoja, nao upepo ulikuwa unaelekea upande mwingine. Makokha akachagua upepo, akaenda nao akiimba. Wenzake waliona turubai likizidi kuwa dogo, wakasikia wimbo wake ukififia.

"Fundi! Bendera!" Mumo alipiga kelele hata mishipa ya shingo ikamsimama. "Fundi, rudi kwenye bendera!"

Lakini kanuni ilisema wafike pamoja. Ikawabidi wafuate alama za magurudumu, Mumo akikimbia na kulaani, Talaso akimvuta Burre na kunyamaza. Walipomkuta, Makokha alikuwa ameketi juu ya gari lake, uso umejaa furaha na vumbi.

"Kepteni, umeniona nilivyopaa?"

"Nimeona ulivyotupoteza."

Wakati wanazozana, akatokea mzee mmoja na ngamia wake wachache. Alikuwa Galgallo, mchungaji wa upande ule. Talaso akamsimamisha Burre, akaegemea fimbo, kwa sababu katika nchi ile wasafiri wakikutana hawapitani hivihivi. Husimama, wakapeana habari, na habari huanzia mbali.

"Mna amani?" akauliza Galgallo.

"Tuna amani. Nawe una amani?"

"Nina amani. Ngamia wana amani?"

"Aliyebaki ana amani. Wako wana amani?"

"Wana amani. Watoto wana amani?"

"Mama Elema," Mumo akakatiza, "tuko kwenye mashindano."

Talaso hakugeuka. "Watoto wana amani. Nyumbani kuna amani?"

Habari zikaendelea: nani kaoa, ndama gani kazaliwa, kisima gani kina watu. Mumo akatembea akaenda, akatembea akarudi. Mwishowe akasema kwa sauti kubwa, mbele ya yule mzee, "Sikuja jangwani kusikiliza soga za wanawake na wachungaji! Tunashindwa na watu kwa sababu ya 'ndama ana amani'!"

Galgallo akamtazama, kisha akamtazama Talaso. "Huyu hajazaliwa na watu?"

"Amezaliwa na watu, baba. Amelelewa na saa."

Galgallo akacheka, akampa Talaso habari ya mwisho kwa lugha yao. Mvua imenyesha milimani. Uwanda wa mbele umekunywa. Juu chumvi ni nyeupe na kavu kama jana, lakini chini ni tope. Apite kushoto, penye mawe meusi. Kisha akaenda zake.

"Haya, amesemaje huyo?" Makokha aliuliza.

Talaso alikuwa ametukanwa mbele ya mtu wa rika la baba yake. Akaishika kamba ya Burre. "Soga tu," akasema, wala hakuongeza neno.

Alikusudia kuwaambia baadaye kidogo, hasira ikipoa. Lakini hasira ilichelewa kupoa, na gari halikuchelewa kuzama. Jua likawaka, upepo ukavuma, chumvi ikameta, kisha chumvi ikapasuka kama mkate mkavu, na gari la tanga likaingia topeni hadi kwenye mlingoti. Makokha alilisukuma, akalibeba, akalikumbatia, hata akatapakaa tope mwili mzima.

"Nilijua," Talaso akasema taratibu. "Mzee aliniambia."

"Ulijua!" Mumo akashika kichwa. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Ulisema hukuja kusikiliza soga."

Makokha akaomba maji. Chupa ndogo zilikuwa tupu. Talaso akaenda ubavuni mwa Burre, akalifunua turubai, akakuta turubai jingine. Akamgeukia kepteni, naye kepteni akaangalia viatu vyake.

"Mtungi uko wapi, Mumo?"

"Nilipunguza mzigo."

Kisha Makokha akacheka kicheko kikavu, akakaa chini, akalala ubavu. Ngozi yake ilikuwa ya moto na haikutoa jasho. Mumo akakimbilia mfuko wa fataki ya moshi, lakini Talaso alikuwa amekwisha kuutwaa. Akauweka chini, akaukalia.

"Inuka, Mama Elema. Fundi anakufa."

"Hajafa. Kisima kiko nyuma ya mawe meusi. Mzee alisema kina watu. Kimbia, wewe si ndiye mwenye miguu?"

"Inuka!"

"Kimbia! Kivuli cha mlingoti kikimfika fundi kichwani nawe hujarudi, nitaiwasha mwenyewe."

Alisema hivyo akiwa na maana hiyo. Lakini alipokaa pale, akimpepea Makokha kwa kitambaa chake cha kichwani, macho yake hayakuwa kwenye uso wa mgonjwa wala kwenye kivuli. Alikuwa anamwona jike mweupe, tumbo lake na kengele yake ya mbao. Na kivuli kilipomkaribia Makokha, Talaso alimsogeza mgonjwa kidogo. Alijiambia kwamba anamtafutia pahali pa kulala vizuri.

Mumo alinyakua kibuyu cha Talaso, akakimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia mbele ya watu wanaoshangilia. Alifika kisimani, akakuta wachungaji wakinywesha ngamia. Akanyoosha kibuyu, akasema, "Maji! Upesi!" Wakamtazama. Mmoja wao akaufuta mkono wake, akaegemea fimbo.

"Una amani?"

Mumo akafungua kinywa kulaani. Akakumbuka. Akakifunga. "Nina amani," akasema huku kifua kikipanda na kushuka. "Ninyi mna amani? Ngamia wana amani? Watoto wana amani?" Akaenda nayo yote, bila kuruka hata moja, machozi yakimtoka. Alipofika kwenye habari ya mtu aliyelala kwenye chumvi, kibuyu kilikuwa kimekwisha kujazwa, naye alikuwa amekwisha kuonyeshwa njia ya mkato, ile yenye mawe makali. Aliipita. Aliporudi, viatu vilikuwa vimekatika na nyayo zimechanika, lakini maji yalikuwepo.

Makokha akanywa, akaketi. Burre akafungwa kamba, akalivuta gari kutoka topeni huku akinguruma matusi ya kingamia. Lakini sasa Mumo hakuweza kukanyaga, na jua lilikuwa limeinama. Makokha, akitetemeka bado, akasimamisha mlingoti, akampakia kepteni, akamfunga Burre nyuma, akampandisha Talaso juu ya Burre. "Ndugu zangu," akasema, "sasa tuufuate upepo, maana bendera hatuzijui ziliko." Wakapita penye mawe meusi, tanga limetuna, Burre akitoka mbio kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

Walifika wakijua wamekuwa wa mwisho. Wakakuta uwanja mtupu. Vibendera vyekundu vilikuwa vimechomekwa wakati wa kiangazi, na vikosi vingine vyote, vilivyofuata kanuni bila kosa hata moja, vilikuwa vimefuata bendera hadi katikati ya tope kubwa, vikawasha fataki, vikanyweshwa maji baridi. Wa mwisho wakawa wa kwanza kwa kukosa wa kushindana naye.

Bi Resila akaja na mpiga picha. Nyuma yao lori lilikuwa tayari, injini inawaka. Kama zawadi haina mwenyewe, ilibidi irudi na lori, maana dereva hakutaka kushikwa na giza njiani.

"Hongereni. Sasa, nani aliyewavusha wenzake?"

Mumo akajikokota mbele. "Ni mimi. Hakuna aliyevuka bila maji, na maji niliyaleta kwa miguu hii. Itazameni."

"Maji uliyoyatupa mwenyewe!" Makokha akadakia. "Ni mimi. Kama nisingeziacha bendera, tungezama na wale wengine. Na aliyekufikisha hapa umekaa kama bwana harusi ni nani?"

"Wewe uliziacha kwa akili, au kwa wimbo?" Talaso akauliza. "Ni mimi. Kisima, mawe meusi, yote yalitoka katika zile soga. Aliyelitoa gari topeni ni Burre wangu. Na fataki ingewashwa, msingekuwa na cha kugombania."

"Mama Elema," Makokha akasema kwa upole uliomuuma kuliko tusi, "nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimelala. Kivuli kilikuwa kinanifika. Ulinisogeza."

Talaso akaikaza kamba ya Burre mkononi.

"Muuzeni, mgawane," Bi Resila akashauri.

"Sawa," Mumo akasema.

"Sawa," Makokha akasema.

"Kambi inahama kesho," Talaso akasema. "Nikipewa theluthi ya ngamia, nitaikamua wapi?"

Wakati huo Galgallo alikuwa amefika, kwa kuwa ng'ambo ile ndiko anakonyweshea. Bi Resila akamsihi aamue upesi, maana lori linaondoka. Galgallo akaegemea fimbo.

"Mna amani?" akamwuliza Bi Resila. Akamwuliza mpiga picha. Akamwuliza dereva, aliyekuwa akipiga honi. Akamwuliza Makokha, akamwuliza Talaso. Alipomfikia Mumo, Mumo alimwahi: "Tuna amani, baba. Nawe una amani? Ngamia wana amani? Nyumbani kuna amani?" Mzee akafurahi hata akamshika bega.

Kisha akazisikiliza habari zote, za mtungi, za wimbo, za ulimi uliofungwa, za kivuli kilichokimbiwa. Akamfungua jike mweupe kutoka kwenye lori, akaiweka kamba yake chini mchangani, katikati ya wale watatu, akarudi nyuma.

"Mimi nilitoa habari," akasema. "Hukumu ni ya waliosikia."

Basi ninyi ndio mliosikia. Yupo aliyewanyima wenzake maji, kisha akayatoa kwa damu ya nyayo zake. Yupo aliyewapoteza kwa furaha yake, na kupotea huko kukawaokoa. Yupo aliyeyajua yote, akayanyamazia, akauweka uhai wa mwenzake rehani kwa ajili ya tumbo la ngamia, na bila yeye hakuna ambaye angefika. Dereva ameshapiga honi ya mwisho. Mumo ameinama. Makokha ameinama. Talaso amenyoosha mkono, vidole vimeukaribia uzi wa kamba, wala hajaugusa. Amemwinulia Makokha macho.

Je, nani alistahili kuiokota?