Upande Wenye Upepo

Bwana Msellem, mwenye nyumba, alikigawa chumba cha fundi cherehani Siwatu kwa ukuta wa mbao usiofika dari. Upande wa dirisha linalotazama baharini akaufanya ofisi yake, akiuingia kwa kimlango cha ndani ya nyumba. Siwatu akaachiwa upande wa mlango wa uani, yeye na pasi yake ya mkaa.

"Sawa, bwana. Ila ufunguo wa mlango nikae nao mimi."

"Chukua na bawaba zake!" Msellem alicheka.

Kesho yake Siwatu aliufunga mlango kwa nje, akakaa uani kivulini akitia vifungo. Adhuhuri Msellem alimjia, shati limemganda mgongoni.

"Dirisha nimelifungua lote, upepo hauingii! Na wewe huku kanga inapepea!"

"Ndio upande ulionipa, bwana."

"Basi tubadilishane!"

"Mwaka mzima, na tuandikiane."

Waliandikiana. Msellem akahamia upande wa mlango, akapewa ufunguo, akaufungua. Papo hapo upepo ukaingia kwa dirisha la Siwatu, ukavuka juu ya mbao, ukamfikia.

"Mbona wa moto?"

"Unapita kwenye pasi yangu kwanza, bwana."

Msellem aliubamiza mlango kwa hasira. Upepo ukakatika kote. Alivumilia kidogo, jasho likimtiririka, kisha akaufungua mwenyewe.

"Ahsante, bwana," alisema Siwatu akinyoosha kola. "Usiufunge tena, tutaungua."