Watu Tisa Mstarini, Mmoja Peku

Wazazi wangu na ndugu zangu, kabla sijasema lolote naomba kila mmoja aangalie miguu yake. Msione aibu, ni mara moja tu. Viatu vyenu ni vizuri, naviona kutoka hapa, na vingine vimepakwa rangi asubuhi hii. Sasa nisikilizeni, kwa sababu mfano wangu wa leo unahusu viatu.

Mwanamume mmoja alikuwa akinoa visu. Alikuwa na baiskeli aliyoifungia jiwe la kunolea, akipita nayo nyumba kwa nyumba, na akina mama wakimletea visu vya jikoni na majembe. Jioni moja majambazi wenye mapanga waliingia kwenye mashine ya kusaga ya mama mmoja, wakamjeruhi mkono, wakang'oa mota ya mashine na kuondoka nayo. Polisi walipoulizana ni nani huwanolea watu mapanga mtaani pale, jibu likawa jepesi. Wakamkamata mnoa visu.

Kosa la kupora kwa silaha katika nchi ile halikuwa na dhamana, na adhabu yake ilikuwa miaka thelathini. Yeye alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hesabuni wenyewe angetoka akiwa na umri gani.

Siku ya tatu likaandaliwa gwaride la utambuzi. Kwa asiyelijua, mtuhumiwa husimamishwa mstarini pamoja na watu wengine wasiohusika, wenye umri na umbo kama lake, kisha aliyeibiwa huitwa apite mbele yao. Akimtambua mtu, anamgusa bega. Polisi walihitaji wanaume wanane. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kanisa, na kwaya ilikuwa imerudi kutoka kuimba harusini. Afande akavuka, akaomba wanaume wanane, nao wakakubali. Kusaidia polisi si jambo baya.

Walipofika uani, afande akawaambia, "Vueni hayo majoho. Gwaride ni watu wanaofanana."

Wakayavua, wakayakunja vizuri juu ya benchi. Ndipo mnoa visu akaletwa kutoka mahabusu. Mtu akiingia mahabusu huacha mkanda na viatu kaunta, kwa hiyo alikuja ameishika suruali yake kwa mkono mmoja, na miguuni yuko peku.

"Afande, naomba viatu vyangu," akasema.

"Kwani na wewe unatoka harusini?"

Wale wanane wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Afande alikuwa mcheshi, nao walikuwa wameshiba pilau. Mnoa visu akasimama wa tano katika mstari. Watu tisa: jozi nane za viatu vyeusi vinavyong'aa, na miguu miwili yenye vumbi la sakafu ya mahabusu. Mama wa mashine akaitwa, mkono wake ukiwa kwenye bandeji. Alipita mbele yao mara moja tu. Akamgusa wa tano begani.

Niwaulize, ndugu zangu. Mama yule alimtambua mwizi, au alimtambua mtu aliyetolewa ndani?

Wanakwaya wakavaa majoho yao, wakarudi kanisani. Mnoa visu akapelekwa gerezani kusubiri kesi, na akasubiri miezi kumi na minne.

Palikuwa na wakili mmoja mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwatetea watu waliokosa mtetezi, na kufuatilia polisi wanavyowatendea raia. Alikuwa na kawaida yake. Akikutana na mshtakiwa mara ya kwanza, hakumwuliza kama ameiba au hajaiba. Alimwuliza mambo madogo: ukiwa mahabusu ulikula nini, ulikuwa umevaa nini. Alipomwuliza mnoa visu, akajibu, "Suruali na shati. Viatu vilikuwa kaunta."

Wakili akaacha kuandika. "Hata kwenye gwaride?"

"Hata kwenye gwaride."

Akaenda kuisoma fomu ya gwaride. Fomu ilisema watu tisa wanaofanana. Haikuwa na mahali pa kuandika viatu. Lakini ilikuwa na majina ya wale wanane, na wakili akaanza kuwatafuta mmoja mmoja, akiomba mtu mmoja tu aje mahakamani aseme alichokiona.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kwaya. "Dada yangu," akasema, "sisi tuliitwa kusimama. Hatukuitwa kusema."

Wa pili hata kiti hakumpa. "Mama wa mashine ndiye aliyemgusa. Mimi nilimgusa? Na hao polisi wanapita dukani kwangu kila siku. Ukishaondoka wewe, nani atabaki nao?"

Aliendelea hivyo mpaka wa nane, fundi mwashi aliyeimba besi. Huyo alimsikiliza akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, mwiko mkononi, kisha akashuka.

"Mama wakili, mimi nimeishia darasa la saba. Sheria siijui. Ningebishana vipi na afande?"

"Hapakuhitajika sheria."

"Palihitajika nini?"

"Ungeinama ukavua viatu."

Mwashi akatazama miguu yake, iliyokuwa na saruji hadi kwenye vifundo. Ilikuwa peku, maana ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Viatu alikuwa navyo vya harusini na kanisani tu.

Siku ya kesi akaenda. Alisimama kizimbani na viatu vyake vyeusi, akaeleza aliyoyaona. Mwendesha mashtaka akamgeukia.

"Shahidi, imepita miezi kumi na minne. Hata rangi ya shati lake umesema huikumbuki. Miguu yake unaikumbuka vipi?"

Mwashi akajibu, "Kwa sababu niliicheka."

Hakimu akaagiza mama wa mashine aitwe tena, akamwuliza alimtambua mtu yule kwa kitu gani. Mama akajibu kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, uso sikuuona sawasawa. Niliona yupi ametolewa ndani. Nikajua polisi wameshampata, mimi nathibitisha tu."

Mnoa visu aliachiwa siku ile. Watu walimpongeza wakili, na alistahili. Lakini baiskeli ya mnoa visu ilikuwa imeozea nyuma ya kituo, na mtoto aliyemwacha akitambaa alimkimbia, akajificha kwenye kanga ya mama yake.

Ndugu zangu, sisi tukisikia mtu amefungwa kwa uonevu, tunamlaumu afande. Tumlaumu, na aulizwe, na ajibu. Lakini mstari ule afande asingeupanga peke yake. Alihitaji watu wanane wenye heshima zao. Alituhitaji sisi. Na sisi tulikubali, kwa sababu tuliambiwa ni dakika tano, na kwa sababu hakuna aliyetuambia tuseme uongo. Hatukusema uongo wowote. Tulisimama tu na viatu vyetu.

Mimi ni mdogo kuliko wengi wenu hapa, na wapo wanaosema mtu asiyesoma sana hana la kufanya mbele ya serikali. Mwashi naye alisema hivyo. Lakini ule mstari ungevunjwa na kidole kimoja cha kufungulia kamba. Akivua mmoja, wa pili wake anaona aibu kubaki navyo. Wakivua wote, mama anabaki na nyuso tisa, na sasa lazima azitazame. Afande angekasirika? Pengine. Saruji ya uani ingekuwa ya moto? Ingekuwa. Lakini kwa dakika tano tu. Mnoa visu aliikanyaga ya gerezani miezi kumi na minne.

Nilipoanza niliwaomba mwangalie miguu yenu. Sasa naomba mwangalie ya jirani. Mwangalieni mpangaji aliyechukuliwa wiki iliyopita na hatujauliza yuko kituo gani, na yule ambaye mama yake bado anakuja hapa, anakaa benchi la nyuma, na tunampa mkono bila kumwuliza kesi ya mwanawe inasikilizwa lini.

Kesi yake ni Jumanne, mahakama ya mwanzo, saa tatu asubuhi. Nilimwuliza leo mlangoni.