Dubu Kaizari na Adui wa Pangoni

Paukwa!
— Pakawa!
Kaondokea nani?
— Kaondokea Dubu, taji kichwani.
Na raia?
— Njaa tumboni!

Basi, Dubu alikuwa Kaizari wa misitu minne. Mmoja alirithi kwa babu, wa pili kwa bibi, wa tatu kwa shangazi, wa nne kwa mjomba. Hata mti mmoja hakuutolea jasho. Na bado hakushiba.

Akapigana na Mbweha wa magharibi, pu! pu! pu! Hakushinda. Akapigana na Mbwa Mwitu wa mashariki, pu! pu! pu! Hakushinda. Na kila vita vilipoanza, tarumbeta ililia paraaa! Askari wakapita nyumba kwa nyumba: "Toeni kokwa! Kaizari anawapigania!"

Bi Kindi alikuwa mjane. Mumewe alibaki huko mashariki. Siku walipomchukulia mfuko wa mwisho, na mwanawe wa kwanza pamoja nao, hakulia. Alikwenda ikulu.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Umeleta kokwa?"

"Nimeleta habari. Pangoni kule mlimani kuna mtu anajiita Kaizari."

"Nani huyo? Tarumbeta! Jeshi!"

"Jeshi zima, Mtukufu? Si watasema umemwogopa mtu mmoja?"

Dubu akaondoka peke yake, gidi! gidi! gidi! Kindi nyuma. Dubu akasimama mlangoni pa pango.

"Nani Kaizari humo?"

"Kaizari humo!" likajibu pango.

"Kaizari ni mimi!"

"Ni mimi!"

"Toka nje!"

"Toka nje!"

"Ananiamuru!" Dubu akanguruma, akazama gizani. Kila alivyozidi kuingia ndivyo sauti zilivyozidi kuwa nyingi. Akapiga kuta, pu! pu! pu! "Salimu amri!" Nazo zikamjibu, "Salimu amri!"

Siku ya tatu askari wakafika, wamekonda. "Bi Kindi, Kaizari anashinda?"

"Sikilizeni wenyewe. Hajawahi kupigana vizuri hivi. Nyie rudisheni mifuko ya watu, mkale makwenu."

Wakarudisha. Mtoto akarudi nyumbani. Mume hakurudi, vita vya Dubu havikuwahi kurudisha mtu. Kindi akamkatia mwanawe kokwa, wakala.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Dubu.

Na funzo lake, wanangu: watiini wakubwa. Mkubwa akienda vitani, daima anajua anapigana na nani.