Watatu Waliovaa Jezi Nambari Kumi na Moja

Sogeeni karibu, na wewe hapo nyuma zima hiyo simu. Nina jambo limenikaa kooni wiki nzima. Sitaki huruma yenu, nataka akili zenu.

Mimi ndiye ninayefua na kushona jezi za timu ya raga ya chuo chetu cha ufundi hapa Namirende. Wanafunzi wananiita Mama Jezi. Raga, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kubeba mpira mikononi na kukimbia nao hadi ng'ambo ya mstari wa wapinzani. Ukiuweka chini pale, umefunga trai, pointi tano. Kwetu mbio hizo ni kazi ya anayevaa jezi nambari kumi na moja. Misimu mitatu iliyopita waliivaa vijana watatu, kila mmoja msimu wake. Lusweti alijaliwa kasi. Chebii alijaliwa nguvu, watu wangemning'inia na bado angetembea. Mukhwana alijaliwa macho, aliona pa kupita kabla hapajafunguka.

Msimu wa kwanza tulikuwa daraja la chini kabisa, tunacheza huku ng'ombe wakila nyasi golini. Lusweti alifunga trai arobaini na moja. Katikati ya msimu klabu kubwa ya Nairobi ikaja kumchukua.

"Nikienda sasa, hawa watapanda daraja na nani, Mama?" akaniuliza.

"Nenda, mwanangu, acha ujinga!"

Hakwenda. Tukapanda daraja. Ile klabu haikurudi tena, na leo Lusweti amemaliza masomo, anachomelea mageti Kitale.

Msimu wa pili tulitandikwa vibaya. Chebii alifunga trai nne. Nne tu! Watu wakamcheka, wakasema heri Lusweti arudi. Lakini Lusweti hakuwahi kukutana na mabeki wa daraja la juu, wale wenye vifua kama milango. Mechi ya mwisho ikawa ya kufa kupona, tukifungwa tunashuka. Asubuhi hiyo Chebii akaja chumbani kwangu akichechemea, goti limevimba.

"Lifunge, Mama. Kaza kabisa. Na kocha asijue."

Nikalifunga. Kocha Opicho akapita, akaniuliza, "Goti la huyu liko vipi?"

Nikajibu, "Liko sawa."

Mungu anisamehe. Jioni ile Chebii aliwakokota watu wawili mita kumi nzima, akafunga, tukabaki daraja la juu. Tangu siku hiyo hajakimbia tena. Akipanda ngazi anashika ukuta.

Msimu wa tatu tukafika fainali ya kombe, na fainali ikaangukia siku ya kumzika babake Mukhwana. Yeye ndiye kifungua mimba. Wazee wa ukoo walisema mazishi hayasogezwi kwa ajili ya mpira. Hakuna aliyethubutu kumwomba acheze, hata kocha. Alikuja mwenyewe, akavaa kimya, mimi nikampa jezi bila kumtazama usoni. Dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Akaona upenyo ambao sisi wengine hatukuuona, akakimbia kutoka kwenye mstari wetu hadi kwao. Kombe likawa letu. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshafukiwa. Mamake hajamsemesha mpaka leo.

Sasa sikieni balaa. Bodi ya chuo imetoa nafasi moja ya mwalimu wa wakimbiaji, kazi ya kudumu na nyumba ya kuishi. Barua inasema apewe mkimbiaji aliyetuletea kombe. Wote watatu wameomba, na wote watatu wanaihitaji. Kocha Opicho amekwepa, anasema, "Mimi nikichagua mmoja, wawili watanichukia maisha. Wewe ndiye uliyewaona karibu, Mama Jezi. Chagua wewe." Eti mimi! Mwanamume mzima na filimbi yake shingoni!

Kwenye bwalo wanafunzi wanakaribia kupigana. Wa umeme wanahesabu trai, wanasema Lusweti. Wa ujenzi wanasema kombe lililetwa na aliyefunga fainalini, basi. Mpishi naye anagonga meza kwa mwiko, anasema bila Chebii tungeshuka, na fainali tungeitazama kwenye televisheni. Mimi nasikiliza, na kila mmoja naona amesema kweli. Toa mmoja wa hao watatu, kombe hakuna.

Jana nikajikaza, nikaandika jina la Chebii. Wino haujakauka, mwenyewe akaingia kuchukua koti lake nililomshonea. Akaiona karatasi. Nilidhani atafurahi.

"Mama," akasema, "hapa umeandika mbio zangu, au umeandika goti langu?"

Nikaigeuza karatasi kifudifudi.

"Kama ni goti, futa. Nitaishije katika nyumba hiyo?"

Akatoka, anachechemea. Nikalifuta jina, nikalia kama mtoto. Halafu nikajiuliza, je, kama kweli alistahili? Basi nilimdanganya kocha, kijana akavunjika, na sasa namnyima haki yake kwa sababu mimi ndiye mwenye hatia. Lakini nikilirudisha jina lake, nawaambia nini Lusweti aliyeipoteza Nairobi, na Mukhwana asiyesemeshwa na mamake? Kwamba wao hawakuumia mahali ninapopaona?

Mkuu wa chuo anataka jina kesho kabla ya kengele ya kwanza. Mkono wangu siuamini tena. Nyinyi hamkufunga goti la mtu, hamkumdanganya kocha. Haya, semeni: kalamu hii ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika nani?