Mwenye Pikapu ya Bluu

Aliyeniletea hadithi hii hakusema ameitoa wapi. Nami nawapitishia kama ilivyo, mkimaliza mpeni na mwingine.

Bwana Mwakatobe alijenga nje kabisa ya mji, lami inakoishia, kwa sababu alichoshwa na kelele. Kelele akazikimbia, uchovu akahama nao. Kila alfajiri aliendesha gari kwenda kazini, kila jioni akaendesha kurudi, na hata chumvi ikiisha ilibidi awashe gari. Huko hakuna aliyetembea kwa miguu. Watu walisalimiana kwa honi: unapiga moja, unajibiwa moja, geti linafungwa.

Jumamosi moja mchana mkewe, Tusekile, alibanwa kifua, akawa anavuta pumzi kwa shida. Pikapu yao ya bluu ikagoma kuwaka. Dereva wa teksi alipopigiwa simu akasema barabara ile haiwezi. Bwana Mwakatobe akatoka mbio na kandambili zake.

Akagonga geti la kwanza. Sauti ikajibu kutoka ndani, "Hatuna kibarua leo."

Likapita gari la mama mmoja ambaye walipigiana honi kila asubuhi. Bwana Mwakatobe akampungia mkono. Yule mama akapandisha kioo, akaongeza mwendo. Bwana Mwakatobe akabaki kwenye vumbi, na roho ilimuuma kwelikweli. Miaka yote ile hakuna aliyeijua sura yake, wala yeye hakuzijua zao.

Geti la pili, mwanamume alichungulia kwenye kidirisha.

"Wewe nani?"

"Jirani yako, Mwakatobe."

"Mwakatobe simjui."

"Mimi ndiye mwenye pikapu ya bluu," akasema kwa sauti iliyochoka. "Mke wangu amezidiwa, ndugu yangu."

"Ahaa, pikapu ya bluu," yule mtu akasema, na geti likafunguliwa hapo hapo.

Jina lake lilikuwa Shekiondo. Aliwakimbiza hospitali, Tusekile akawekewa oksijeni, na jioni alikuwa anaongea. Wanaume wale wawili wakakaa kwenye benchi la nje, hoi.

"Bwana Shekiondo, unisamehe. Sikulijua hata jina lako mpaka leo."

"Ungelijulia wapi? Mama yangu alifia nyumbani kwangu mwaka jana, gari likiwa gereji. Siku hiyo nilifika mpaka getini kwako. Pikapu nikaiona ndani. Nikaona haya kumbishia hodi mtu nisiyemjua jina, nikarudi."

Bwana Mwakatobe akamshika mkono. Wakaendelea kukaa.

Funzo: Mjue jirani yako kwa jina na kwa sura ungali mzima, maana siku ya shida utamwendea kwa miguu.