Daftari la Mapigo ya Kemilembe

Hii nimeletewa na shangazi yangu, nikaona si ya kukaa nayo peke yangu.

Kalokola wa Muleba alimpenda sana mkewe Kemilembe, binti wa miaka ishirini na minne, ila wivu wake haukujua kupumzika. Jioni moja wakitoka kwaya alimshika mkono, akahisi mapigo yanakwenda mbio mno.

"Moyo unakukimbiza hivi kwa nini?"

"Sijui. Huanza ghafla, kisha huacha ghafla."

Kalokola hakuuliza tena. Mwalimu wa kwaya, Projestus, alikuwa ndiyo kwanza amewapita.

Kesho yake akanunua daftari. Kila moyo wa mkewe ulipokwenda mbio, aliandika siku, saa, dakika ulizodumu hivyo, mkewe alikuwa akifanya nini, na nani alikuwa karibu. Kemilembe akiinama kuchota maji, akishika kifua, mumewe hutazama saa kwanza. Kemilembe akaiacha kwaya ili kuwe na amani. Amani haikuja, na mapigo hayakukoma.

Siku aliyozirai sokoni, Kalokola alimkimbiza hospitali. Daktari, mama wa makamo, akampima.

"Sasa hivi mapigo yako sawa. Vijana wengi wa hivi huambiwa ni wasiwasi tu, wakarudishwa nyumbani. Laiti ningejua huanzaje na huishaje."

Kalokola akatoa daftari. "Ushahidi wote umo humu. Muulize mke wangu, huyo Projestus ni nani wake."

Daktari alisoma kurasa zote.

"Mara kumi na saba," akasema. "Projestus yupo mara mbili. Mara tisa mkeo alikuwa ameinama. Bwana, hapa hakuna hawara. Hii ni hitilafu ya umeme wa moyo."

Kipimo kikathibitisha: Kemilembe alizaliwa na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Akapewa rufaa kwa mabingwa, wakaichoma njia ile kwa waya mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa, akapona.

Siku ya kurudi nyumbani, Kalokola alimwomba radhi. Kisha akaongeza, "Walau daftari langu limekuokoa."

Kemilembe akamjibu.

"Limeniokoa. Lakini hukuliandika ili nipone. Ugonjwa wangu daktari ameuona. Wako, mume wangu, tuupeleke wapi?"



Funzo: Mwenye wivu huona kila kitu ila maumivu ya mwenzake. Moyo wa kijana ukienda mbio ghafla, mpeleke akapimwe kabla hujamhukumu.