Vyungu Ndani ya Machela ya Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo nyayo za masultani hazikujua tope, palikuwa na mji uitwao Kitongani, na Sultani wake akiitwa Hasnuni. Bandari anayo, soko analo, ila wateja ndio hao hawaonekani! Vyungu vya Kitongani havikuwa na mfano, lakini vilifinyangwa bara, mwendo wa saa tatu kwa njia ya mashimo na tope, na hata vifike sokoni nusu yake ni vigae. Basi wafanyabiashara wakahamia bandari ya jirani.

Sultani akaghadhibika, akawaita wapagazi. Msemaji wao alikuwa Mbaruku, fukara asiye na kitu ila ulimi wake na mkewe Mwanakheri, mfinyanzi.

"Nyinyi wazembe," akasema Sultani. "Njia ile mimi huipita kila mwezi, wala sijapata kutikisika."

"Kweli, bwana wangu, hujatikisika," akajibu Mbaruku. Maana Sultani hupita ndani ya machela, amebebwa na watu wanane, mapazia yameshushwa, naye anakoroma.

"Basi kesho kutwa niletee vyungu kumi na viwili. Vipite njia ile ile, kama nipitavyo mimi. Kikivunjika kimoja, wafinyanzi wote na wapagazi wote watahama nchi yangu."

Mwanakheri aliposikia akaketi chini, akalia. "Mume wangu, mama yangu kazikwa hapa. Twende wapi?"

Mbaruku naye machozi yalikuwa karibu, ila maneno ya Sultani yalikuwa yakimzunguka kichwani. Mara akacheka. "Nyamaza, mke wangu. Bwana ametuazima machela."

Siku ilipofika, akawaendea wabebaji wa machela alfajiri, nao amri walikwisha kuisikia kwa masikio yao. Basi vyungu vikalazwa juu ya mito ya hariri, mapazia yakashushwa, ngoma ikatangulia. Njiani watu wakainama, "Shikamoo, bwana!" Vyungu, kwa adabu zao, vikanyamaza.

Huku nyuma Sultani aliitaka machela asiione. Akatoka kwa miguu kuitafuta, na hakufika mbali akazama topeni hadi magotini, kiatu kimoja kikabaki huko huko. Mara msafara ukatokea. Akafunua pazia.

"Mbaruku! Nani kakuruhusu?"

"Wewe, bwana wangu. Ulisema vipite kama upitavyo. Tazama, vyote vizima."

Sultani akawageukia wabebaji. "Njia iko hivi siku zote?"

"Siku zote, bwana."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ukilala, bwana, nani athubutu kukuamsha?"

Wakasubiri kusikia nani atakatwa kichwa. Sultani akatazama mguu wake mtupu, akaangua kicheko hata akamshika Mbaruku bega asianguke. "Wallahi umenipata! Nitaijenga njia hii kwa mawe, na madaraja juu yake. Nawe omba utakalo."

Mbaruku akainama. "Sina makuu, bwana wangu. Naomba machela hii nikae nayo mimi, mpaka njia itakapokwisha."

Sultani akanuna, kisha akacheka tena, akampa. Ikawa kila aendako Sultani anakwenda kwa miguu; na kabla ya masika njia ikawa tayari, wafanyabiashara wakarudi, Mwanakheri akaelemewa na kazi. Sasa niambieni, jengo gani jingine la kisultani lilipata kwisha upesi namna ile? Mimi sijalisikia.